Bei ya mzigo iachwe huru, usingizi wa dereva usiachwe

Dizeli ikipanda bei, wenye malori hurudi serikalini na ombi lilelile: iwekwe bei elekezi ya kubeba mizigo, na malori ya nchi jirani yapunguzwe kwenye barabara zetu. Ikitokea ajali ya kutisha kwenye mteremko wa Iwambi kule Mbeya, huzuka sauti nyingine inayosema kwamba biashara hii imeachwa ovyo mno na serikali iishike tena kama zamani. Malalamiko yote mawili yanatokana na machungu ya kweli, ila yanaziba pasipo na ufa. Kuruhusu kila mwenye lori aingie sokoni na kupatana bei na mwenye mzigo kulikuwa uamuzi sahihi, na faida yake tunaila kila siku bila kuiona. Kosa lilikuwa kulegeza, pamoja na bei, mambo ambayo bei haina uwezo wa kuyaona: uzito unaokanyaga lami, saa anazokaa dereva nyuma ya usukani, na mkataba alionao na mwajiri wake. Leo tunazungumzia kurudisha udhibiti pale ulipoondolewa kwa haki, huku pale unapohitajika pakiendelea kuwa wazi.

Kisa kinachofundisha zaidi ni cha Marekani, kwa sababu huko udhibiti ulikuwa mzito kweli na ukaondolewa karibu kwa mkupuo mmoja. Tangu sheria ya mwaka 1935, aliyetaka kubeba mizigo ya watu kutoka jimbo moja hadi jingine alihitaji hati ya Tume ya Biashara baina ya Majimbo. Hati hiyo ilitaja bidhaa, ilitaja njia, na mara nyingine hata miji ya kupitia. Ili uipate ulitakiwa kuthibitisha kwamba wananchi wanakuhitaji, na waliokutangulia barabarani walikuwa na haki ya kuja kukupinga. Lori lililopeleka rangi mji wa mbali liliweza kurudi tupu kwa sababu hati haikutaja mzigo wa kurudia. Bei zilipangwa na wasafirishaji wenyewe katika vikao vyao, na tangu 1948 sheria iliwakinga wasishtakiwe kwa kula njama. Mazao ya shambani yalisamehewa, na hapo ndipo vichekesho vilipoanzia. Kuku aliyechinjwa na kunyonyolewa alihesabiwa kuwa zao la shamba, akabebwa na lori lolote. Akishapikwa alikuwa bidhaa ya kiwandani, anahitaji lori lenye hati. Mwaka 1956 Mahakama ya Juu ya nchi hiyo ililazimika kuamua iwapo kuku wa kugandishwa bado ni wa mkulima. Ikasema ndiyo, na bei ya kumsafirisha ikashuka kwa takriban theluthi. Lori lilikuwa lilelile na barabara ileile. Kilichoondoka ni hati tu.

Hati zenyewe ziligeuka mali ya kurithishana. Ziliuzwa kwa fedha nyingi na benki zilizikubali kama dhamana, maana kila mmoja alijua kwamba mwenye nayo analindwa dhidi ya washindani. Rais Jimmy Carter alipotia saini sheria ya kulegeza udhibiti tarehe 1 Julai 1980, thamani ya hati hizo iliyeyuka. Waliopinga kwa nguvu zote walikuwa kampuni kongwe na chama cha wafanyakazi cha Teamsters, na upinzani ulifika pabaya: Desemba 1982 Roy Williams, aliyekuwa rais wa chama hicho, alitiwa hatiani kwa njama ya kumhonga Seneta Howard Cannon ili muswada ukwamishwe. Seneta mwenyewe hakushtakiwa. Watu hawafiki hatua ya kutoa hongo ili kutetea kitu kisicho na faida, na faida ile ilikuwa ikitoka mfukoni mwa mnunuzi wa dukani.

Ndani ya miaka kumi idadi ya kampuni zenye leseni iliongezeka maradufu. Bei halisi ya kukodi lori zima ilishuka kwa takriban robo katika miaka michache ya mwanzo. Viwanda viliacha kurundika vipuri ghalani kwa hofu ya kuchelewa, kwa kuwa sasa palikuwa na msafirishaji aliye tayari kuleta kidogo kidogo kwa saa iliyopangwa. Mtu anayesema soko huria la malori halikumletea mlaji chochote hana takwimu za kumuunga mkono, iwe huko au hapa.

Upande wa pili wa daftari lakini unatisha. Michael Belzer, mwanauchumi aliyewahi kuwa dereva wa lori, alionyesha katika kitabu chake cha mwaka 2000 kwamba pato halisi la madereva wa Marekani lilishuka kwa takriban asilimia 30 kati ya 1977 na 1995. Nguvu ya vyama vya wafanyakazi ilivunjika, na malipo yakawa ya maili anazoendesha mtu. Maili hazihesabu muda wa kusubiri. Dereva akikaa saa sita nje ya ghala akingoja kushusha, saa hizo hazina mlipaji, na sheria ya kazi ya mwaka 1938 inamweka nje ya haki ya malipo ya saa za ziada. Mwenye ghala hana sababu ya kuharakisha, maana ucheleweshaji wake unalipiwa na mtu mwingine. Matokeo yake kampuni kubwa za masafa marefu zimekuwa zikipoteza madereva kwa kasi ambayo, kwa miaka mingi, idadi ya wanaoacha kazi kwa mwaka ilikaribia idadi nzima ya walioajiriwa. Kisha kampuni hizohizo hulalamika kwamba kuna uhaba wa madereva.

Wapinzani wa sheria ya 1980 walitabiri pia kwamba damu ingemwagika barabarani. Utabiri huo haukutimia: vifo vinavyohusisha malori, vikipimwa kwa kila maili iliyotembewa, vilipungua katika miongo iliyofuata. Watetezi wa soko huria hupenda kuishia hapo, na mimi nawaomba wasome ukurasa unaofuata. Mwaka 1982 serikali ya Washington ilianza kuyapa majimbo fedha za kukagua malori barabarani. Mwaka 1986 ikapitisha sheria ya leseni moja kwa dereva mmoja, kwa sababu kabla ya hapo dereva aliyenyang'anywa leseni katika jimbo moja alitoa ya jimbo jingine mfukoni akaendelea na safari. Serikali iliachia bei kwa mkono mmoja na kukaza usalama kwa mkono wa pili, tena ndani ya miaka michache. Bei ilishushwa na ushindani. Ajali zilipungua kwa ukaguzi, leseni na magari bora. Na mwaka 1997, kampuni ya J.B. Hunt ilipopandisha malipo ya madereva wake kwa takriban theluthi moja, watafiti walikuta wanaoacha kazi wamepungua kwa karibu nusu, na ajali vivyo hivyo. Kwa hiyo pale soko lilipoachwa peke yake, yaani kwenye malipo ya dereva, ndipo kidonda kilipobaki.

Afrika ina majaribio yake, na yanasema jambo hilohilo kuhusu bei. Kabla ya 1994 mizigo ya kimataifa ya Rwanda ilikuwa mikononi mwa shirika la umma la STIR. Udhibiti huo ulipoondolewa baada ya mauaji ya kimbari, nchi ikiwa magofu na bila uwezo wa kulinda kampuni yoyote, bei ya kusafirisha ilishuka kwa zaidi ya asilimia 30, kama ilivyoandikwa katika utafiti mkubwa wa Benki ya Dunia kuhusu gharama za usafirishaji barani Afrika. Utafiti huohuo uliangalia njia ya kutoka bandari ya Douala nchini Kamerun hadi N'Djamena, ambako mizigo hugawanywa kwa mgao: asilimia 65 malori ya Chad, asilimia 35 ya Kamerun, na wenye malori hupanga foleni ofisini wakingoja zamu. Njia hiyo ni miongoni mwa zilizo ghali zaidi barani. Pale zamu inapogawa kazi, mwenye lori jipya linalofanya safari nne kwa mwezi na mwenye mkweche unaofanya moja wanapata karibu sawa, na hakuna anayeona haja ya kununua lori zuri. Wanaotaka mizigo ya bandari zetu igawanywe kwa mafungu baina ya nchi na nchi wanapaswa kwanza kwenda kuangalia foleni ya Douala.

Tanzania haikuwa na siku moja ya kukumbukwa kama ile ya Carter. Tulikuwa na kampuni za umma za uchukuzi za mikoa, tulikuwa na Tume ya Bei, na kufikia mwanzoni mwa miaka ya 1980 tulikuwa na malori yaliyokaa juu ya matofali kwa kukosa tairi na vipuri, huku mazao yakilala kwenye maghala ya vijijini hadi msimu wa mvua ukayakuta. Mlango ulifunguliwa mwaka 1984, pale bajeti ya Waziri wa Fedha Cleopa Msuya ilipowaruhusu wenye fedha zao za kigeni kuagiza bidhaa bila kuulizwa walizipataje. Magari ya mizigo yakawa miongoni mwa vitu vya kwanza kuingia. Kuanzia hapo udhibiti wa bei ya mizigo ulipoteza maana taratibu, mpaka ukafa. Leo Mamlaka ya Udhibiti Usafiri Ardhini, LATRA, iliyoundwa kwa sheria ya 2019, hupanga nauli za abiria na hutoa leseni kwa malori, lakini bei ya kupeleka kontena Lubumbashi ni mapatano ya mwenye mzigo na mwenye lori. Katikati yao kuna dalali mwenye simu mbili.

Tuyatazame mapatano hayo kwa karibu, kwa sababu yote niliyo nayo ya kusema yamo ndani yake. Dalali ana mzigo mmoja na wenye malori watano wanaopiga simu. Mmoja wao ana mkopo benki, na marejesho yanadaiwa mwisho wa mwezi. Lori likilala Kurasini bila kazi, deni halilali. Atakubali bei yoyote inayozidi mafuta na posho ya safari, hata kama haigusi tairi wala uchakavu wa gari, na bei yake ndiyo itakayokuwa bei ya sokoni wiki hiyo. Sasa ajibane wapi ili abaki na chochote? Dizeli ni ileile kwa wote. Ushuru wa mpakani ni uleule. Tairi akinunua ya bei ndogo itapasuka kabla ya Mikumi. Vimebaki vitu vitatu tu anavyoweza kuvikamua: tani za ziada, matengenezo, na dereva. Ushindani wa haki ungemlazimisha atafute mzigo wa kurudia au injini isiyokula mafuta, na wengi wamefanya hivyo. Ila akimaliza hayo na mwenzake bado yuko chini yake kwa bei, anaingia kwenye yale matatu, na akiingia yeye wote wanafuata.

Chukua tani za ziada. Sheria ya Jumuiya ya Afrika Mashariki ya kudhibiti uzito wa magari, iliyoanza kutumika Tanzania tarehe 1 Machi 2019, inaweka ukomo wa tani 56 kwa gari zima, na tani 10 kwa ekseli moja yenye tairi nne. Wahandisi wa barabara wanajua tangu majaribio yaliyofanywa Illinois mwishoni mwa miaka ya 1950 kwamba madhara ya ekseli kwa lami hayaongezeki sambamba na uzito. Hukua takriban kwa kipeo cha nne. Ekseli ya tani 10 ikibeba tani 12, mwenye lori ameongeza moja ya tano ya mzigo, na barabara imeumia mara mbili. Kipato cha zile tani mbili kinaingia mfuko wa mtu mmoja, tena sehemu yake imeshapotelea kwa mwenye mzigo kama punguzo la bei. Uharibifu unaingia Mfuko wa Barabara, unaojazwa na tozo ya kila lita ya mafuta, ikiwamo lita moja ya kijana wa bodaboda. Huo unaoitwa unafuu wa soko huria, kwa kiasi hicho, ni ruzuku iliyofichwa.

Ndiyo maana mgogoro wa Oktoba 2013 unastahili kukumbukwa kuliko unavyokumbukwa. John Magufuli, akiwa Waziri wa Ujenzi, alifuta nafuu ya asilimia 5 iliyokuwa ikivumiliwa kwenye mizani. Wenye malori wakaegesha magari, mizigo ikakwama, na Waziri Mkuu Mizengo Pinda akairudisha nafuu hiyo. Wakati ule ilionekana kama ubishi wa ukali dhidi ya busara. Piga hesabu ya kipeo cha nne: asilimia 5 ya uzito ni zaidi ya asilimia 20 ya madhara. Tena nafuu ile ilikusudiwa kufidia kasoro za mzani au mzigo uliosogea njiani. Kwenye soko lenye ushindani haiwezi kubaki hivyo. Kila mmoja atapakia hadi mwisho wa nafuu kwa sababu jirani yake amepakia, na nafuu itakuwa uwezo wa kawaida wa lori. Magufuli alikuwa sahihi kuhusu lami. Lakini wenye malori nao walikuwa na hoja ambayo haikusikika vizuri: pale kwenye mizani ya Vigwaza, lori likizidi uzito, anayezuiwa ni dereva na anayetozwa ni msafirishaji, ilhali aliyesema pakia tani hizo au mzigo nampa mwingine yuko ofisini Dar es Salaam akinywa kahawa. Ukali usiomfikia mwenye mzigo huwabana walio dhaifu katika mapatano na kumwacha mwenye nguvu.

Kwa dereva hali ni mbaya zaidi, kwa sababu usingizi hauna mzani. Sheria ya Ajira na Mahusiano Kazini ya 2004 iko wazi: saa za kawaida ni 9 kwa siku na 45 kwa wiki, zikijumlishwa za ziada zisizidi 12 kwa siku, na mfanyakazi apate mapumziko ya saa 12 mfululizo. Kutoka Dar es Salaam hadi Tunduma ni takriban kilomita 930. Lori lililojaa likienda kwa wastani wa kilomita 50 kwa saa, ukihesabu milima ya Iringa, matuta ya vijijini na mizani, ni zaidi ya saa 18 za usukani. Kwa mujibu wa sheria hiyo ni safari ya siku mbili. Dereva anayelipwa posho kwa safari, na anayejua kwamba mwezi wenye safari tatu ndio unaolipa ada za watoto, ataimaliza kwa usiku mmoja na kipande. Hakuna aliyemwamuru, na tajiri yake atasema hivyo hivyo mahakamani. Mfumo wa malipo ndio uliomwamuru. Tarehe 10 Aprili 2015 madereva wa mabasi na malori waligoma nchi nzima; kilichopewa nafasi kubwa magazetini ni agizo la kurudi darasani kila leseni inapokwisha muda, lakini dai la pili lilikuwa mikataba ya ajira. Watu wanaoendesha magari yenye thamani ya mamia ya mamilioni ya shilingi, wakiwa na mizigo ya thamani zaidi ya hiyo, walikuwa wakidai karatasi inayosema wameajiriwa. Dai hilo halijapoa hadi leo.

Kwa nini basi tusiweke bei ya chini kisheria, ili mwenye lori apate cha kumlipa dereva na kununulia tairi? Hili ndilo pingamizi lenye mvuto kuliko yote, na limeshajaribiwa. Mwezi Mei 2018 madereva wa malori wa Brazil waliifunga nchi kwa siku kumi kwa sababu ya bei ya dizeli, na serikali ikawapa jedwali la bei za chini, lililofanywa sheria mwezi Agosti. Chanzo cha matatizo yao kilikuwa malori mengi kuliko mizigo, baada ya miaka ya mikopo nafuu ya serikali ya kununulia malori, na jedwali haliongezi mzigo hata mmoja. Wenye mizigo mikubwa walianza kununua malori yao wenyewe, na wadogo wakabaki wakipatana chini ya meza. Australia nayo iliunda mwaka 2012 baraza la kupanga malipo salama ya madereva. Agizo lake la viwango vya chini la mwaka 2016 liliwatia hofu wenye lori mojamoja, waliosema wateja watahamia kampuni kubwa, na Bunge likalifuta baraza zima mwezi Aprili mwaka huohuo. Nia ilikuwa njema. Bei ya chini inapoamuliwa ofisini, mwenye mzigo huchagua anayemwamini zaidi kwa bei hiyo, na anayemwamini ni yule mwenye malori 200. Halafu nani atalinda bei hiyo katika nchi ambako risiti inaweza kuandikwa kiasi kimoja na fedha ikarudishwa kwa simu jioni? Kwenye mzani tani ni tani. Bei ni maneno ya watu wawili.

Udhibiti wa kuamuru nani abebe nini nao tumeuona kwa jirani. Agosti 2019 mamlaka za Kenya ziliagiza makontena yaendayo Nairobi na nchi za bara yapande reli mpya ya SGR, ambayo ilikuwa na mkopo mkubwa wa kulipwa. Mombasa ikaandamana; wasafirishaji, makuli, wenye gereji na mama ntilie wa miji ya barabarani walijua maana yake kabla ya wachumi. Mwaka 2020 Mahakama Kuu ilitamka agizo hilo kuwa batili, na Septemba 2022 Rais William Ruto akautengua utaratibu huo siku ya kuapishwa kwake. Natamani reli ibebe mizigo mingi zaidi kuliko ilivyo sasa, ya Kenya na ya kwetu. Njia ya haki ni kumfanya mwenye lori alipie lami anayoivunja na usingizi anaouchukua. Akishalipa hivyo, mzigo mzito wa masafa marefu utaipenda reli bila kusukumwa.

Litakuja pingamizi la bei za bidhaa: mkikaza mizani na saa za kazi, sembe na saruji vitapanda. Kwa kiasi fulani ni kweli, na anayelikataa anadanganya. Lakini gharama hiyo ipo tayari. Inalipwa leo kwenye barabara inayokarabatiwa kabla ya muda wake na kwenye wodi za mifupa. Isitoshe, pa kupunguzia gharama ni pakubwa kuliko mwili wa dereva. Nchi za ukanda wa kaskazini zilipoanza eneo moja la forodha mwaka 2014, safari ya mzigo kutoka Mombasa hadi Kampala, iliyokuwa ikichukua siku 18, ilitangazwa kushuka hadi siku nne hivi. Lori lililookoa siku kumi na nne za foleni linaweza kumlaza dereva wake kila usiku na bado likafanya safari nyingi kuliko zamani. Anayejali kweli bei ya sembe aanze na foleni ya mpaka wa Kasumbalesa.

Pingamizi la mwisho ni rushwa, na ndilo linalonisumbua. Kila kanuni mpya ni mkono mpya unaonyooshwa barabarani, na wasafirishaji wana haki ya kuuliza kwa nini waamini kwamba kanuni ya usingizi haitageuka ada ya usingizi. Jibu ni kwamba kanuni hizi zisimamiwe kwa kumbukumbu zilizokwisha kuwapo, mbali na barabara. Tangu Julai 2016 hakuna kontena lenye mzigo linaloruhusiwa kupandishwa melini popote duniani bila uzito wake kuthibitishwa, kwa hiyo kontena linapofika Dar es Salaam uzito wake umo kwenye karatasi kabla lori halijatafutwa; kiwanda cha saruji nacho kina mzani getini kwake. Lori likitoka hapo limezidi, aliyepakia alijua, na faini inaweza kumfuata kwa barua. Kuhusu saa za dereva, Kenya, Uganda na Rwanda tangu 2017 zinafuatilia mizigo ya kupitia nchini kwa lakiri za elektroniki za pamoja, na Tanzania ina mfumo wake. Lakiri hizo zilinunuliwa kulinda kodi: lori likikengeuka njia, taarifa inafika kwenye chumba cha ufuatiliaji papo hapo. Taarifa hizohizo zinaonyesha lori limetembea saa ngapi bila kusimama. Kinachohitajika ni kanuni inayosema kwamba lori lenye dereva mmoja lililotembea saa 16 mfululizo ni kosa la mwenye lori pamoja na mwenye mzigo aliyepanga muda wa kufika, na inayoilazimisha mamlaka ya mapato kupeleka kumbukumbu hizo LATRA kila mwezi.